Nilivyokagua Wasiojiweza, Garsen Hadi Chara

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mapema mno. Nilikuta ofisi ya chifu pale Garsen imefungwa, nikakaa barazani nikijipa moyo. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mjane mchanga kutoka Ozi, nikiitiwa kazi ambayo hakuna mwanamke wa upande wetu aliyewahi kuifanya. Chifu alipofika alinitazama kuanzia ukaya wa kichwani mpaka viatu.

"Wewe ndiye Mwanaisha? Nimeambiwa una maneno mengi."

"Ninayo ya kutosha, Chifu," nikamjibu. Akacheka, akafungua mlango.

Kazi yenyewe iliitwa ukaguzi wa wasiojiweza, yaani watu wazima wasioweza kujitetea: vipofu, wakongwe, waliopooza, wenye maradhi ya akili. Baraza la wazee lilikuwa likiletewa habari za watu kupigwa na jamaa zao, kunyimwa chakula, kuachwa walale kwenye uchafu. Lakini wazee wa baraza walikuwa wanaume watupu, na mwanamume hawezi kuingia tu chumbani kwa bibi wa watu akafunua shuka. Ndipo nikatafutwa mimi.

Chifu alinifundisha mwenyewe. "Usiulize kama anatunzwa vizuri. Nani atakwambia hapana? Omba maji ya kunywa, na uombe ya mtungi wa chumbani kwake." Nyinyi vijana mnaosomea mambo haya darasani msinicheke. Kwetu mgeni hanyimwi maji, kwa hiyo mlango ulikuwa unafunguka bila ugomvi. Nikishaingia, nilijua mengi: kama maji yananuka, kama mtungi ni mkavu, kama umewekwa mahali mkono wa mgonjwa haufiki. Nikinywa huku nikipiga soga, macho yalikuwa kwenye godoro, kwenye kucha, kwenye mgongo wa mtu.

Kanuni ya pili ilikuwa kikao cha ndugu. Hakuna aliyehamishwa nyumbani kwake kabla ndugu hawajakaa pamoja, na kabla yeye mwenyewe hajasikizwa. Hilo la kumsikiza mwenyewe lilisahaulika upesi sana, maana mtu akishakuwa kipofu watu humwona kiziwi pia.

Nilianzia Garsen, nikapelekwa Golbanti chini ya mzee wa mtaa mpole aliyependa kulala mchana, kisha, miaka mingi baadaye, nikateremshwa Chara. Mzee wa mtaa wa Chara alikuwa mtu wa haki, lakini wa haraka. Nilipofika tu, kabla hata sijaweka mzigo chini, alinipa kesi.

"Kuna mwanamke hapa amemfunga mavyaa wake kama mbuzi," akaniambia. "Kesho bibi anapelekwa Garsen kwa mpwa wake. Huyo mwanamke namfikisha barazani."

Huyo mwanamke alikuwa Amina. Mumewe alikuwa ameshafariki, lakini hakurudi kwao. Alibaki na mavyaa wake kipofu, yaani mama wa mumewe, Bibi Hadhula, na watoto wake wawili wadogo. Nilikwenda nikabisha, nikaomba maji. Amina alinitekea mtungini, kando ya kitanda. Maji yalikuwa baridi, safi, yana harufu nzuri ya ubani. Nywele za bibi zilikuwa zimepakwa mafuta, shuka imefuliwa. Na mguuni palikuwa na kamba, imefungwa kwenye nguzo ya nyumba, na kifundo kimechubuka mpaka kinatoa maji.

Nakwambieni, nilichanganyikiwa. Niliwazoea wabaya, hawanisumbui. Huyu sikumwelewa kabisa.

"Kwa nini, mwanangu?" nikamwuliza.

Amina aliketi chini kwenye mkeka. Tana, mnajua, ni mto wa kuhamahama. Mafuriko yalikuwa yamekula ukingo, na pale walipokuwa wakioga wanawake tangu zamani, palipokuwa na mteremko mzuri wa mchanga, sasa palikuwa na genge refu la udongo na maji meusi ya mamba chini yake. Bibi Hadhula hakuwahi kuliona genge hilo. Miguu yake iliijua njia ya ujanani, na kila Amina akienda kuamia, kuwafukuza ndege kwenye mpunga, bibi alishika njia kwenda kuoga. Mara mbili majirani walimdaka akiwa ukingoni.

"Nisipoamia, hatuli," Amina akasema. "Nikienda, anakufa. Nifanye nini?" Akalia, na bibi akanyoosha mkono akimtafuta kichwa.

Nilirudi kwa mzee wa mtaa nikamweleza yote. "Kufunga mtu ni kufunga mtu, Mwanaisha," akasema. "Usinitilie sukari."

"Sikutilii. Kamba itoke leo. Lakini hatujamwuliza bibi anataka nini."

Alininunia, ila kanuni aliijua. Kikao kikaitwa jioni ile, mpwa naye akiwepo, kijana safi aliyekuwa ameshakuja kutoka Garsen kumchukua, ambaye bibi hakuwa akiijua hata sauti yake. Bibi Hadhula akapewa nafasi ya kusema.

"Nimefungwa, ni kweli," alisema. "Inauma, na inaniaibisha. Lakini mkinipeleka Garsen, nani huko ataniita mama?" Kisha akageukia upande alikosikia pumzi za Amina. "Na wewe mwanangu, mbona hunichukui shambani?"

"Niliogopa utachoka, mama."

"Nimechoka kukaa."

Mzee wa mtaa alikohoa, akatazama pembeni. Mimi nililia bila haya yoyote. Palepale mambo yakapangwa: mpwa alirudi Garsen peke yake, vijana wakajenga dungu la chini shambani, lile jukwaa la kukalia mlinzi wa ndege, na majirani wakapeana zamu ya kumshika bibi mkono akitaka kuoga. Dresa wa zahanati akaja kusafisha kidonda. Amina alionywa mbele ya ndugu wote kwamba kamba ikionekana tena atafikishwa barazani, nami nikapewa kazi ya kupita pale kila wiki bila taarifa.

Nilipita. Nilimkuta bibi juu ya dungu akipiga debe na kuwatukana ndege kwa majina ya wake wenza wake wa zamani, Amina akicheka mpaka anashika mbavu. Bibi aliwasikia ndege kabla yetu sisi wenye macho. Aliishi mavuno kadhaa baada ya hapo, akafia mikononi mwa Amina, mkazamwana wake.

Nilipopata umri wa kustaafu, chifu aliniuliza nani ashike kazi yangu. Nikamtaja Amina. "Yule wa kamba?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, yule yule. Nilifuatana naye mizunguko ya mwanzo, na kusema kweli alinipita. Mimi watu walinificha mambo, nikawa nayachungulia kwenye mitungi. Yeye alikuwa akikaribishwa, anakaa chini na mwenye nyumba, na kabla hajauliza lolote anasema, "Mimi niliwahi kumfunga mavyaa wangu kwa kamba. Na wewe dada, umechoka?"

Wengi walianza kulia hapo hapo. Kisha walinyanyuka wenyewe, wakatupeleka chumbani kwa mgonjwa.