Kidole Kilichokunjwa Mbele ya Unguja

Nilipokuwa mtoto kule Ntalikwa, kidole hakikuwa kitu cha kuchezea. Ukisonta boga changa, boga linaoza. Ukisonta kaburi, kinaoza kidole chenyewe. Ikibidi kuonyesha, unakikunja, unaonyesha kwa kifundo.

Na Bibi, mama yake baba, alikuwa na kaburi moja la mbali. Baba yake alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani, akavushwa Unguja, akafia huko. Pahali alipozikwa hapakujulikana, kwa hiyo kwetu Unguja yote ilikuwa kaburi.

Kisha Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Mwalimu wetu, kijana wa Bukene, akatundika ramani ya pwani na visiwa vyake, akasema atakayevionyesha vizuri ndiye atakayesema kwa niaba ya shule kwenye sherehe mjini. Niliitaka nafasi ile kuliko nguo ya Idi. Akaniita.

"Unguja."

Nikagusa kwa kifundo. Darasa likacheka. Mwalimu akaniambia ninyooshe kidole, la sivyo nikakae.

"Siwezi, mwalimu. Babu yetu kazikwa huko."

Mmoja nyuma akauliza kama alizikwa na samaki. Sikukinyoosha. Mwalimu akahamia kisiwa kingine.

"Haya. Mafia?"

Nikanyoosha kidole chote. "Huko sina mtu."

"Na Pemba?"

Hapo nikasita. "Sina hakika," nikasema, nikakikunja nusu.

Safari hii alicheka yeye, na nafasi nikapewa. Nilipomweleza Bibi, hakunisifu. Alikishika kile kidole, akakikandakanda.

"Basi leo baba ametajwa mbele za watu," akasema.

Juzi hapa chuoni, kwenye mdahalo, bwana mmoja wa pwani alisimama kutufundisha kwamba sisi wa bara visiwa tumevijua juzi tu, kwa Muungano, tena kwenye karatasi. Damu ikanichemka. Nikamwuliza: ndugu yangu, zile pembe zilikufikieni zikitembea zenyewe? Kitabu kinasema kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji, nami sibishi. Ila njia ya kwenda kwenye kile kisiwa ilikanyagwa na watu wetu, na wengine wamelala huko.

Ramani ilikuwa ukutani nyuma yangu. Kidole hakiozi, nimesoma, najua. Lakini nilipogeuka kumwonyesha Unguja, nilikuta nimeshakikunja.