Merv Aliyenunua kwa Kushindwa

Runanga, mji mdogo wa machimbo ya makaa, nimekaa kwa vipindi, nikija na kuondoka, na kila nikirudi naegesha gari langu nyuma ya nyumba ya Mervyn Kirwan. Nalala humo humo garini. Merv alikuwa mchimba makaa hadi mgodi ulipofungwa, na tangu hapo riziki yake nyingine ilikuwa mnada wa kwenye kompyuta.

Wengine huingia mnadani washinde. Merv aliingia ashindwe. Aliuona mnada kama watu wa huku wanavyouona mto: unakaa kimya ukingoni, samaki wapite mbele yako. Kwanza alimwangalia yule aliyetangulia kwa bei. Kwenye mnada ule kila mtu ana maoni aliyoachiwa na wenzake, na Merv aliyasoma yote, akifuatisha kwa kidole. Akikuta "hakulipa" mara mbili tatu, anatabasamu. Basi anataja bei kidogo, anapitwa, anataja tena, anapitwa, kisha anaacha. Mnada unafungwa, mshindi anapotea, mwenye mali amechoka na kitu chake bado kiko sebuleni. Hapo ndipo inapokuja ofa kwa aliyeshindwa: unakitaka kwa bei fulani? Na Merv anakitaka.

Jiko lake la kuni alilipata hivyo. Msumeno wa injini, viatu vya mvua, hata kitanda alichompa binti yake. Baani walimwita bingwa wa kushindwa.

"Merv," walimwambia, "hata mkeo ulimpata mshindi alipokimbia?"

"Ndiyo," anajibu. "Na sikumrudisha."

Mkewe ni Noeline. Mwaka juzi kumbukumbu zilianza kumtoka, mwisho akapelekwa nyumba ya wazee Greymouth. Merv akabaki na nyumba yenye unyevu na vitu vya mkewe. Kimoja kilikuwa gurudumu la kusokotea sufu, lile la kukanyaga kwa mguu, alilomtengenezea mwenyewe kwa mbao za rimu, mti wa misitu ya huku, mwaka waliooana. Kanyagio lake alilichonga kutoka nguzo ya mgodini. Likawa limekaa tu kwenye kona linashika ukungu. Akaliweka mnadani, likaenda kwa dola sitini. Mimi nilikuwapo nikamsaidia kulifunga kwa magazeti. Sikusema neno, na hilo nalikumbuka.

Miezi minne haikupita, mikono ya Noeline ikaanza kazi. Mkono mmoja unavuta hewa, mwingine unaiachia, mguu unapigapiga sakafu, kutwa. Chakula hataki, kwa sababu mikono haina nafasi. Anayemhudumia, mama mmoja wa visiwa vya Tonga anayeitwa Losaline, alimwita Merv pembeni.

"Mzee Merv, mkeo alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anasokota sufu."

"Basi mletee chombo chake. Naona anakitafuta. Anakonda, mzee wangu."

Merv akaniashiria tuondoke, akashika usukani. Njia nzima ya kurudi aliendesha akitazama mbele tu, mvua inapiga kioo.

Tangu siku ile alilitafuta gurudumu mnadani kila asubuhi kabla ya chai, na mwezi wa tano akaliona. Aliniita kwa kugonga bati la gari langu kwa fimbo. Lilikuwa kwenye picha, limepigwa vanishi, kanyagio ni lile lile. Muuzaji alikuwa bibi mmoja wa Timaru, ng'ambo ya milima, Alma Pettifer. Alikuwa anahamia kwa mwanawe. Ameandika na namba ya simu, kwa wanaotaka kuja kuliangalia.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie ni la mkeo."

"Wewe mzee huijui biashara. Ukionyesha unataka, bei inapaa."

"Hata pale chini ya tangazo kuna mahali pa kuuliza maswali. Andika mstari mmoja."

"Ulimwengu mzima usome?" Akacheka kidogo, lakini masikio yalimwiva. Watu wa huku ndivyo walivyo. Mtu atakuazima trekta lake bila kuuliza utalirudisha lini, lakini kusema nina shida na kitu hiki, ulimi unamganda.

Aliyetangulia kwa bei alikuwa mtu wa Queenstown. Merv akasoma maoni yake. Hakulipa. Hakulipa. Alipotea. Hakulipa.

"Umeona?" akaniambia. "Huyu ni wangu."

Akataja bei, akapitwa. Akataja, akapitwa. Ilipofika mia moja na arobaini akaondoa mkono. Pesa alikuwa nayo, msidhani hakuwa nayo. Mia nne zilikuwa mfukoni mwa shati, ameziandaa. Nilimwambia, "Merv, leo shinda basi, mara moja tu." Akasema hajawahi kukosea mtu wa aina hii.

Mnada ukafungwa. Tukangoja ofa siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Merv alikula amesimama karibu na kompyuta. Siku ya saba akapiga ile namba, akaweka simu mezani nisikie.

"Oo, lile gurudumu?" bibi akasema. "Liliondoka zamani, baba. Yule bwana alilipa saa ile ile, kesho yake akaja na gari. Ana nyumba ya wageni, analitundika ukutani juu ya meko. Kanyagio alisema halihitaji, akaling'oa papa hapa uani."

Merv akavuta kiti, akakaa.

"Upo, baba?"

"Nipo. Ni mimi niliyelitengeneza. Mke wangu ni mgonjwa, alikuwa analihitaji."

"Ee Mungu wangu! Sasa mbona hukusema? Mnada ningeufuta siku ile ile. Ningekupa bure, mwanangu angekuletea mpaka mlangoni. Mbona hukusema, jamani?"

Merv akasema asante sana mama, samahani kwa usumbufu. Akamwandikia yule bwana wa Queenstown mara mbili, safari hii kwa maneno mengi. Hakujibiwa.

Mwezi wa saba ikaja ofa ya gurudumu lingine, kutoka Motueka. Mshindi kakimbia, bei rahisi kabisa, tena zuri kuliko lile. Merv alilinunua bila kutabasamu. Tukalipeleka Greymouth pamoja na mfuko wa sufu aliyoichambua mwenyewe. Losaline akavuta kiti, akamkalisha Noeline mbele yake.

"Bibi yangu, ona mumeo kakuletea nini."

Mikono ya Noeline ikasimama. Akaligusa gurudumu, akalizungusha kidogo, mguu ukashuka taratibu kutafuta kanyagio. Ukalikuta, ukapapasa juu yake, ukarudi nyuma. Akamtazama Merv kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu wa posta.

"Zuri," akasema. "Lakini si langu. Umelitoa wapi?"

"Nimelinunua, Noeline."

"Mrudishie mwenyewe. Maskini, atakuwa analitafuta."

"Haya," Merv akasema. "Nitamrudishia."

Mikono ikaanza tena kuvuta hewa. Losaline akamfuta mdomo, akajaribu kijiko cha supu, akakiweka chini. Merv alilibeba gurudumu peke yake hadi kwenye gari, akanikataza nisimsaidie. Kisha akanipa funguo, akakaa upande wa abiria, akasema niendeshe mimi.