Mkono Niliouficha Kwenye Kanzu

Zamani hizo za Mwingereza, kule Mtoni, asiyetoa mkono hakuhesabiwa kuwa mtu. Ukitoka msikitini mnapeana mikono, ukipita barazani mnapeana mikono, na ukigombana na mtu asubuhi, jioni mnapeana mikono ili kesho mpate kugombana vizuri. Sasa mie vidole vyangu vikaanza kuvimba.

Havikuvimba kidogo. Nilikuwa naamka na mikono kama maboga mawili, na vifundo vya moto wa kuchemshia chai. Kufunga kifungo cha shati kulinichukua muda ambao mwenzangu angefika Kilwa na kurudi. Adhuhuri vinalegea, kesho yake vinaanza upya. Nilikuwa karani wa kuandika alama kwenye magunia ya mbata, kazi niliyoipata kwa kisomo cha usiku, na brashi ikawa inanidondoka.

Maumivu niliyavumilia. Kilichonitisha ni jina. Watu wakiona vidole vinapinda hawaulizi. Wanasema ukoma, na mpangaji anatafutiwa pa kwenda. Mie nilipanga chumba, sina mke, na ndugu zangu wote wako Rufiji. Basi nikashonesha kanzu ya mikono mirefu ya kufunika vidole, nikawa nasalimia kwa kichwa.

Majirani wakapata tafsiri yao.

"Bwana kisomo huyo," alisema fundi seremala wa nyumba ya pili, kwa sauti ya kunifikia. "Mkono wake ni wa kalamu tu. Sie wa randa hatumfai."

Baraza zima likacheka. Na mie nikacheka, tena kuwashinda wote, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango. Tangu hapo hakuna aliyeninyooshea mkono. Ijumaa nilikuwa natoka msikitini katikati ya umati ule, na hakuna bega lililonigusa ila kwa bahati mbaya.

Ghala letu la mbata lilipakana na la Mchina mmoja aliyehamia kutoka Unguja, mnunuzi wa majongoo ya bahari waliyomletea wavuvi wa Msasani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Siku moja brashi ikaniponyoka mbele yake, akauona mkono.

"Nina ukoma?" nilimwuliza. Niliweza kumwuliza yeye, maana hakuwa mtu wa barazani.

"Kaa hapa." Akatoa sindano nyembamba kama unywele, akazipangusa kwa spiriti, akanichoma moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Niliruka, naapa ukelele wangu ulisikika Bunju.

"Mwenye ukoma huwa hasikii pale palipoguswa na ugonjwa," alisema. "Wewe unasikia mno. Hii baridi yabisi. Tulia, bwana, hata sijaanza."

Nikawa nakwenda kwake kila tukifunga ghala. Ananichoma kwenye kifundo cha mkono, kwenye kiwiko, hata chini ya goti ambako sikuumwa kitu, ananiacha nimekaa kama nungunungu. Alisema sindano zinauamsha mwili wenyewe uupoze ule moto wa ndani. Sijui kama ni hizo, au vidonge vya maumivu nilivyoomba zahanati bila kuonyesha mkono, au ni kule kukaa na mtu aliyenishika kiganja bila kukunja uso. Ninachojua, uvimbe ulipungua, na asubuhi nikaweza kufunga vifungo kabla uji haujapoa. Ugonjwa haukwisha. Vidole viwili vilibaki vimepinda, na vimepinda hadi leo.

Ilipofika Idi nikaona nijaribu. Tulipotoka kusali nikakunja mikono ya kanzu, nikamfuata fundi seremala mbele ya watu, nikamnyooshea mkono.

"Leo kalamu imelala?" akasema, akaubana kwa nguvu zake zote za randa. Nikapiga yowe. Akatazama chini, akaviona vidole.

"Baridi yabisi," nikasema upesi upesi. "Siyo ule mwingine."

Waliokuwa nyuma yake wakarudi hatua. Yeye akabaki.

"Muda wote huu? Si ungesema, ndugu yangu!"

Lakini mkono hakuuachia. Sasa aliushika kama ashikavyo kifaranga, na mie nikaomba asikumbuke kuuachia.

"Umekula?" akauliza.

Tangu alfajiri nilikuwa nimefakamia vitumbua vya mama mwenye nyumba, hata kupumua ilikuwa kazi.

"Bado," nikamwambia.