Majina Niliyoyaandika Ukumbini

Katika daftari langu la mwaka ule, siku ya Jumatano, nimeandika mstari mmoja tu: "Leo nimepata majina kumi na tisa, na sikusema hata maneno kumi." Nilikuwa najisifu. Sasa niko kidato cha nne, na kila nikiusoma mstari ule masikio yananiwaka moto. Bora niyaandike yaliyotokea kabla sijaanza kuyapamba.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa jiografia alikuja darasani na picha aliyoikata gazetini, akaibandika ubaoni kwa gundi ya unga. Ilikuwa picha ya kijiji cha Vietnam. Nyumba mbili zinaungua, na mbele yake kasimama msichana kashika kikapu, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyeulizwa suala ambalo hakulielewa. Wenzangu waliangalia moto. Mimi niliangalia mapaa. Yalikuwa ya majani, yameezekwa vile vile kama nyumba ya shangazi yangu Kizimbani, anakofanya kazi kwenye shamba la mikarafuu la serikali. Kisha nikaangalia kikapu. Mna nini mle? Alikitoa ndani, au alikuwa anarudi sokoni akaikuta nyumba yao hivyo?

Nilitaka sana kuuliza. Sikuuliza. Mimi nikiitwa jina darasani huitika "naam" kwa sauti ambayo dawati la mbele halisikii, na mara mbili nimeandikwa sikuhudhuria nami nimekaa pale pale.

Mwalimu alisema wanafunzi wanaanzisha kamati ya kupinga vita vya Vietnam. Atakayependa atapewa karatasi ya fulskepu iliyopigwa taipu juu yake maneno machache ya kutaka vita visimamishwe, azunguke mtaani kwake akusanye majina na sahihi. Ijumaa karatasi zitakusanywa, kisha zitapelekwa.

"Zitapelekwa wapi?" akauliza rafiki yangu ninayekaa naye, ambaye haoni haya mbele ya mtu yeyote.

"Mbele," akasema mwalimu.

"Huko mbele ndiko wapi?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, nami nikatambua kwamba hata yeye hajui. Ndipo nikanyoosha mkono. Nilitaka kujua karatasi inakwenda wapi, na mwisho wake nani ataisoma.

Siku ya kwanza nilipita madukani kwetu Mlandege. Baba, ambaye ni seremala, alitia sahihi bila ya kusoma, kwa penseli aliyoitoa nyuma ya sikio. Wengine walikuwa wagumu. Fundi cherehani aliitazama karatasi kama imemwagikiwa na kitu.

"Majina ya nini tena? Mimi nshaandikwa vya kutosha."

Muuza vyombo, aliyezoea majina kuandikwa kwa ajili ya mgao wa chakula, akauliza, "Kuna mchele?"

"Hapana."

"Kuna sukari?"

"Hapana. Ni amani."

"Ah. Na hiyo amani wanatoa ratili ngapi kila kichwa?"

Wakacheka wote kibarazani. Nikarudi nyumbani na jina moja, la baba.

Jumatano nikaamua kwenda kwa wanawake. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa bibi mmoja ambaye ukoo wake ulikuwa na mashamba, watu wa asili ya Uarabuni. Mashamba hayapo tena, na bibi anashona kofia za viua, anaziuza. Kila baada ya alasiri wanawake wa mtaa hukusanyika ukumbini mwake, kila mmoja na kofia yake na sindano yake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naingia na kutoka nyumba ile kama kwetu. Tangu Mapinduzi, mama hakuingia tena. Wakikutana njiani wanaamkiana, kila mtu anapita zake. Sikujua kwa nini, na kwetu mambo ya miaka ile hayaulizwi.

Nikapiga hodi mara tatu. Ya tatu ndiyo iliyosikika.

"Karibu! Nani huyo anayebisha kama kuku?"

Walikuwa wanawake saba pamoja na bibi mwenyewe, wamekaa mkekani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekua! Kaa."

Nilikuwa nimejifunza hotuba nzima kwa moyo. Ilikuwa na dunia, na wanyonge, na watoto wasio na hatia. Wote saba walipogeuka kunitazama, hotuba ikakimbia. Nilichokisema kwa kweli ni hiki: "Nnakusanya majina. Kwa ajili ya watu waliokufa vitani."

"Paza sauti, unasema na ukuta?" akasema mke wa fundi cherehani, mnene, mcheshi.

"Waliokufa vitani," nikarudia.

Wakatazamana. Kisha mmoja akasema taratibu, "Wallahi jambo jema." Akanitajia jina la mwanamume, na la baba yake, na la babu yake. Nikaandika. Wa pili akanitajia mawili. Nikadhani wanaandikisha waume zao na kaka zao, na nikafurahi kimyakimya. Nilipomwonesha wa kwanza mahali pa sahihi, akashangaa.

"Yeye atatia sahihi vipi, mwanangu?"

Nikafahamu kwamba mumewe hakusoma. Ili nisimwaibishe mtu, nikaandika pembeni ya kila jina: hajui kuandika. Kumi na tisa, hajui kuandika.

Bibi alikuwa wa mwisho. Alichomeka sindano kwenye kofia, akaiweka chini. Wengine nao wakaacha kushona. Akataja jina moja, refu, polepole, na mimi nikaandika.

"Umeliandika zima?"

"Ndio Bibi."

"Yatasomwa kwa sauti?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nalitaka hilo, kwamba mtu huko mbele aziinue karatasi azisome. Nikasema, "Yatasomwa."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Baada ya alasiri?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu kuitikia kwa kichwa ni rahisi kuliko kueleza. Bibi akainuka, akaingia chumbani, akarudi na ubani umefungwa kwenye kitambaa. "Wa siku hiyo," akasema, akanitia mkononi.

Nilitoka nashangaa ubani na vita vya Vietnam vinahusiana vipi.

Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwekea karatasi mbele yake nipate sifa. Akaisoma huku vidole vyake viko mchelini.

"Huyu kafa," akasema.

Nikacheka.

"Huyu kafa. Huyu kazama na jahazi, mimi bado mwari. Huyu kafa kabla hujazaliwa. Na huyu wa juu ni baba yako, mzima wa afya, msikie anapiga randa huko nje. Umefanya nini wewe?"

Nikamwambia nilivyosema, neno kwa neno. Mama akaufunika uso kwa mkono wenye vumbi la mchele, sijui kwa kucheka au kwa nini. Maana kwetu ikitaka kusomwa khitma, hutumwa msichana mwenye hati nzuri, apite nyumba kwa nyumba na karatasi, kila nyumba imtajie marehemu wake ili aombewe. Kazi ile mimi nimeifanya mara mbili, na wanawake wote wale wananijua kwayo. Nimekwenda na karatasi ile ile, kalamu ile ile, nikawataja waliokufa. Wangefahamu nini kingine?

Kisha kidole cha mama kikasimama kwenye jina la mwisho.

"Hili nani kakupa?"

"Bibi."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndio. Nani huyo?"

Mama aliusogeza ungo pembeni. "Mwanawe. Nyinyi watoto mkimwita Kaka wa Juu."

Kaka wa Juu nilimjua. Alikuwa karani, akikaa chumba cha ghorofani. Jioni akitutupia dirishani vipande vya penseli alivyovichonga, na vikaratasi vyenye herufi za kuiga. Hati hii ninayosifiwa nayo ilianzia kwake. Jina lake kamili sikuwahi kulisikia. Nilijua tu kwamba siku moja dirisha lile lilifungwa.

"Kafa siku zile za Mapinduzi," mama akasema. "Watu walikuwa wamejifungia. Khitma haikusomwa, nani angeingia? Hata mimi sikwenda kumpa Bibi mkono wa pole. Nikasema nitakwenda kesho, nitakwenda kesho. Kisha siku zikawa nyingi mno, nikaona haya." Akaigonga karatasi. "Na hii inakwenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele ya nani?"

Nikakumbuka mwalimu alivyocheka.

"Jina hili likionekana, mtu atauliza nani kalitoa na kwa nini kalitoa leo. Haliendi popote."

Ningeweza kuichana. Ilikuwa rahisi sana: ningesema skuli sikupata majina, na kila mtu angeamini, mtu mwenye sauti kama yangu. Lakini nilikuwa nimemwambia bibi kwamba mwanawe atasomwa Ijumaa. Kwa miaka yote ile hakuna aliyemwahidi hivyo, na mimi nimemwahidi kwa kutikisa kichwa.

"Basi kamwambie haliendi," mama akasema.

"Mimi?"

"Kwani mimi ndiye niliyekwenda na karatasi?"

Alhamisi nilitoka skuli nikaenda moja kwa moja kwa bibi, kabla wenzake hawajakusanyika. Nilisimama mbele yake na mkoba wangu mkononi, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba karatasi si ya khitma, ni ya kutaka vita vya watu wengine viishe, kwamba walitakiwa walio hai, kwamba kosa ni langu kwa kuwa nilisema kidogo na sikuuliza kitu. Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Bibi alinisikiliza bila ya kuacha kushona.

"Na vita vyao hao, vimekwisha?"

"Bado, Bibi."

"Hm." Akaitaka karatasi. Yeye anasoma hati ya Kiarabu, hati yetu hii haisomi. Akaweka kidole pembeni ya jina la mwisho. "Hapa umeandika nini?"

Nilitamani sakafu ipasuke. "Nimeandika... hajui kuandika."

Akanitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akachukua upembe wa kanga kufuta macho, na hakuuondoa upesi. "Yeye! Hajui kuandika! Angelikusikia angelishuka na kiboko." Aliponyamaza akasema, "Ijumaa uliniahidi, na Ijumaa yatasomwa. Hapa hapa. Nshawaambia wenzangu, mmoja kashaweka unga wa maandazi. Wewe ulete nyengine, hiyo ya walio hai."

"Nani atasoma majina?"

"Aliyeyaandika."

Nilikuwa na fulskepu safi mkobani. Aliandika jina lake kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi nzuri mno. Miaka yote ile ya ujirani, nami ndiyo kwanza najua jina lake. Wenzake sita walipokuja wakatia sahihi baada yake, au dole gumba. Mke wa fundi cherehani akasema, "Mume wangu asijue, atasema nshaandikwa!"

Nyumbani baba alitia tena, na mama akatia. Tisa. Ijumaa asubuhi rafiki yangu alipeleka karatasi mbili zimejaa.

"Mlandege nzima, tisa?" mwalimu akaniuliza. "Na hili la Kiarabu?"

"Jirani yangu."

Akaliangalia kidogo, akaiweka karatasi yangu juu ya nyingine zote.

"Mwalimu," nikasema, na rafiki yangu akageuka haraka kunitazama, "zitapelekwa wapi?"

"Nikijua nitakwambia." Hajaniambia mpaka leo.

Alasiri mama alivaa buibui, akachukua ule ubani, tukatoka pamoja. Mlangoni kwa bibi alisimama. Bibi akaja. Mama akanyoosha mkono wake wa kulia, ukabaki hewani kidogo.

"Bibi, mkono wangu umechelewa."

Bibi akaushika kwa mikono yake miwili. "Pita ndani. Viatu acha hapo, watoto wasivikanyage."

Ubani ukatiwa kwenye chetezo. Juzuu za Kurani zikagawiwa, kila mmoja akasoma yake, sauti zao zikawa kama nyuki. Zilipokwisha, wakanigeukia mimi.

Nilianza chini chini. "Paza!" akasema mke wa fundi cherehani. Nikapaza. Nilimruka baba, wa juu kabisa, nikasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu, na baada ya kila jina wakaitikia rehema. Nilipofika la mwisho nililisoma zima, la kwake, la baba yake, la babu yake, kama alivyonitajia.

"Naam," akaitika bibi.

Hakuna aliyesema rehema. Mama alikuwa anatazama mkeka. Nilisubiri, sikujua kama nisome tena au nikae, mpaka bibi mwenyewe akasema, "Mungu amrehemu," na wote wakapokea pamoja.

Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya juzuu yake. Maandazi yakaletwa, na chai ya sukari kidogo, maana sukari ilikuwa ya foleni.

"Na hao wa huko?" akaniuliza. "Huna jina la hata mmoja?"

"Sina, Bibi. Kuna msichana tu, nilimwona katika picha. Nyumba yao inaungua, yeye kashika kikapu."

"Kikapuni mna nini?"

Nikamtazama. "Hata mimi najiuliza tangu siku ile."

"Nguo," akasema mama.

"Nguo wapi! Mtu akikimbia moto hachagui nguo," akasema mke wa fundi cherehani. "Huyo kachukua chungu."

"Kuku," akasema mwengine.

Bibi akaweka kikombe chini. "Hebu nieleze. Alikikamata vipi? Kwa mkono mmoja au kwa miwili?"

Nikasimama katikati ya ukumbi niwaoneshe.