Bastola Nyepesi ya Bi Khole

Ulimi wa Bi Khole ulikuwa mzima kabisa. Mikono ndiyo iliyokwisha. Alikaa wizarani maisha yake yote akipiga taipu, Kiarabu asubuhi na Kiingereza mchana, na alipostaafu ikaja baridi yabisi kumalizia kazi. Vidole vikapinda vyote upande mmoja, vifundo vikavimba, na finjani ya kahawa akawa anaishika kwa viganja viwili. Ukimtazama sana mikono anakuuliza hapo hapo, "Vipi, kwenu hamna vidole?"

Nyumba yake ilikuwa huko Uarabuni, Madinat Sultan Qaboos, au Madina kwa kifupi, yenye mibogenvilia ukutani, mitaa ambayo wageni wa makampuni wanaigombea. Walijenga yeye na marehemu mumewe kwa mishahara miwili, na ole wako useme mbele yake kwamba ile ni nyumba ya marehemu. "Nusu ya marehemu, nusu yangu," anakujibu, "na nusu yangu ndiyo yenye jiko." Mzaha huo, lakini chini yake palikuwa na jambo. Bi Khole alipokuwa mtoto alitolewa nyumbani kwao Unguja yeye na mama yake, na walichotoka nacho ni nguo za mwilini. Tangu siku ile aliapa kwamba hatotolewa tena ndani ya nyumba yake akiwa na pumzi. Watu wote wa ukoo walikijua kiapo hicho, na aliyekijua zaidi ni mwanawe wa pekee, Saud.

Saud alikuwa na kazi nzuri Al Khuwair na nyumba mpya Al Amerat, nyuma ya milima. Alimtaka mama yake ahamie huko ili nyumba ya Madina ipangishwe. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, huyo. Ubaya wake ulikuwa kicheko. Kila neno la mama yake alilipokea kwa kicheko, na mtu akikuchekea hivyo kila siku, mwisho unaanza kujiona kichekesho kweli.

Basi Ijumaa moja wamekaa wanakula, Bi Khole, Saud, na Thani, mdogo wake Bi Khole. Siku zile mwizi alikuwa ameingia nyumba ya jirani, na Saud akapata la kusema.

"Mama, akiingia hapa utamfanya nini? Utamtukana?"

"Nitamtukana kwanza. Kisha nitampiga kwa bastola ya baba yako."

Saud alicheka mpaka akapaliwa. Akaenda chumbani, akaitoa bastola ya marehemu kabatini, akatoa risasi, akaiweka kwenye busati mbele ya mama yake, pembeni ya sahani ya wali. "Haya, ivute."

Bastola ile ina chuma cha juu ambacho lazima ukivute nyuma kwa nguvu ndipo risasi iingie. Bi Khole akajaribu kwa mkono wa kulia. Akajaribu kwa wa kushoto. Akaibana magotini akavuta kwa yote miwili, na chuma hakikusogea hata kidogo, kikamfinya tu ngozi ya kidole mpaka ikatoka damu. Thani aliangalia wali wake.

"Yamekwisha hayo," akasema Saud.

"Hayajesha. Hii ilikuwa ya mwanamme. Mimi nitatafuta yangu, ndogo, ya kutia mkobani."

"Tafuta! Ukiipata unayoiweza mwenyewe, kwa mikono yako hiyo, mbele ya Mjomba, wallahi sitataja tena habari ya nyumba. Ukishindwa, mwezi ukiisha unahamia kwangu, na sitaki neno. Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Thani, kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa kiziwi. Kibali cha silaha Thani mwenyewe alikuwa ameshamshughulikia dada yake tangu kufa kwa mume, kwa kuwa alijua Bi Khole hatokubali kuirudisha bastola.

Wakaenda dukani wote watatu. Muuzaji wa silaha, Nasr, wazee wake walitoka Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha kuvuta maneno. Alimwekea Bi Khole kiti, akamwita mama, akamuuliza anataka ya namna gani.

"Ndogo," akasema Bi Khole. "Ndogo ndiyo nyepesi."

"Hapo ndipo watu wanapokosea, mama. Ndogo ni nyepesi kuibeba, sio kuivuta. Springi yake ni fupi, kwa hiyo ni kali. Kubwa ndiyo laini."

Bi Khole hakumwamini. Akapewa moja ndogo ya kutosha kiganjani, akavuta, na uso ukamwiva kwa maumivu. Nasr alikuwa amesema kweli. Ikaletwa nyingine, ikamshinda. Alipoinua macho akaona Saud amesimama na simu mkononi, anampiga picha za video.

"Unafanya nini?"

"Nawapelekea kwenye grupu la ukoo. Wanauliza mama amechagua ipi. Endelea, Mama, sema Bismillah."

Nasr akaleta ile yenye silinda inayozunguka. Hii haina cha kuvuta, akamwambia, unatia risasi na kupiga tu. Lakini kifyatuo chake kizito, na kidole cha Bi Khole kikagoma. Akaweka vidole viwili. Akakaza meno. Mkono ukamwenda upande, mdomo wa bastola ukamwelekea mwanawe tumboni, na Nasr akaudaka haraka akaushusha chini. Ilikuwa tupu, lakini hilo halifanywi. Saud akaruka nyuma, kisha akacheka kuliko mwanzo. "Alaa! Mnaona? Mwizi wa kwanza ni mimi!" Thani akatoka nje kujifanya anapokea simu.

Machozi yalimlenga Bi Khole, na machozi yale yalikuwa ya hasira. Akasema, "Nasr, mwanangu, hamna mtu duniani aliyetengeneza bastola ya watu wenye mikono kama yangu?"

Nasr akafikiri, akaingia stoo, akarudi na kibastola kidogo cha zamani. Akamwonyesha kitufe ubavuni. Ukikibonyeza, mtutu unainuka wenyewe kwa nyuma, unaweka risasi ndani kama unavyotia tende mdomoni, kisha unaushusha kwa kiganja. Hakuna kuvuta. Kinyundo cha nyuma ukikilaza kwanza kwa kiganja, kifyatuo kinakuwa laini.

Bi Khole akabonyeza kwa kifundo cha kidole. Mtutu ukainuka. Akaushusha kwa kiganja, akailaza nyundo, akaweka kidole. Tak. Akarudia. Tak. Akamwita Thani kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, akafanya tena mbele yake.

"Hujavuta kitu hapo," akasema Saud. "Umebonyeza tu."

"Kafanya mwenyewe kwa mikono yake," akasema Thani. "Ulisema hivyo."

Saud akaitia simu mfukoni. Akatabasamu. "Haya. Mama kanishinda. Mama ana nguvu."

Bi Khole akarudi nyumbani na bastola yake mkobani. Siku ya pili yake Saud akaja Madina asubuhi, akaingia mpaka jikoni kwa Zaituni, mtumishi wa Tanga aliyekaa na Bi Khole tangu mikono ilipoanza kuharibika. Zaituni ndiye aliyemfunga vifungo, aliyemchana nywele, aliyemfungulia kila chenye kifuniko.

"Kusanya vitu vyako, unahamia kwangu," akamwambia. "Mimi nina watoto wadogo. Mama ana nguvu, wa nini kwake mtumishi?"

Zaituni akamtazama Bi Khole, anangoja amkatalie Saud. Hapo palitakiwa neno moja tu. Bi Khole angesema namhitaji, na Saud asingekuwa na la kufanya mbele ya mtumishi. Lakini kusema namhitaji ni kusema siwezi, na Saud alikuwa amesimama pale na kicheko chake tayari kimemjaa mdomoni. Bi Khole akasema, "Mchukue. Huniudhi kitu."

Akabaki peke yake na nyumba yake. Mfereji wa chooni Zaituni alikuwa ameufunga akaukaza, kwa mazoea ya mtu mwema, na haukufunguka tena. Ule wa jikoni, wa maji yasiyonyweka, Bi Khole aliuacha ukichuruzika mchana kutwa, kwa kuogopa akiufunga ndiyo basi. Dawa za maumivu zilikuwa na kile kizibo cha kubonyeza na kuzungusha, zikakaa kabatini zimejaa. Alikula mkate na tende. Chupa za maji ya kunywa alizitoboa kwa kisu mpaka kisu kikamponyoka kikamkata, akaacha. Thani akipiga simu kuuliza hali, anajibiwa, "Nnaendelea vizuri, nyumba yangu tulivu, sina wa kunisumbua."

Na mlango je? Ule mlango wa mbele ulikuwa mzito, wa mbao ya kuchonga, na ufunguo wake unazunguka mara mbili. Bi Khole aliushika ufunguo kwa viganja, akaushika kwa kitambaa, akaushika kwa meno. Usiku wote ule na zote zilizofuata mlango ulikuwa umerudishwa tu, na yeye kitandani na bastola yake pembeni ya kichwa, anasikiliza.

Saud alirudi asubuhi moja, akakuta mlango unasukumika. Akaingia bila hodi. Mkoba wa mama yake, alimoirudisha bastola kulipokucha, ulikuwa juu ya kochi, wazi, kwa sababu zipu ya mkoba nayo haimtii. Akaitoa bastola, akaketi nayo pajani.

Bi Khole akatoka chumbani. Gauni lilikuwa halijafungwa, mgongo wote uko nje, na chupa ya maji ameing'ata kwa kizibo anajaribu kukizungusha kwa meno. Alipomwona akasimama vile vile, chupa mdomoni.

"Mama," akasema Saud, "ningekuwa mwizi?"

Hakucheka safari hii. Akainua simu. Uso wa Thani ulikuwa kwenye kioo, ameshapigiwa zamani, anaona yote.

"Mwambie Mjomba. Mlango ulikuwaje?"

"Wazi," akasema Bi Khole.

"Kwa nini wazi?"

Angeweza kusema amesahau. Ulimi wake haujawahi kukosa jibu, hata siku ya maziko ya mumewe alikuwa na majibu. Akamtazama mdogo wake kwenye simu, akatazama bastola kwenye paja la mwanawe.

"Siwezi kuufunga."

"Saud, mfunge mama yako nguo," akasema Thani, na sauti yake ilikuwa ya kilio. Saud akakata simu.

Akamfunga zipu. Akaichukua chupa, akaizungusha mara moja, ikafunguka, akampa. Wallahi mimi ningependa kukwambia kwamba alimmwagia usoni. Alikuwa na kiu. Aliyanywa yote amesimama, yakimtiririka kidevuni, na Saud akamngoja amalize.

Kisha akamshika mkono akamtoa nje, pole pole, kwa adabu, kama mtoto mwema anavyomshika mama yake. Akamkalisha garini akamfunga mkanda. Akarudi kuufunga mlango. Aliufunga kwa vidole viwili, mara mbili, bila kuutazama, simu ameibana begani, anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba nyumba ni tupu na anaweza kuja kuiona leo leo.