Gari Lililoinuliwa kwa Ajili ya Kitale

Jedidah aliziona nyaya za tairi Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba 2019, alipoegesha nje ya nyumba ya mgonjwa wake wa tatu. Ilikuwa tairi la mbele, kushoto. Upande wa ndani mpira ulikuwa mzima. Ukingo wa nje ulikuwa umelika hadi nyaya zikatokeza. Tairi lenyewe halikuwa na miezi mitano. Aliingia, akamwogesha mgonjwa, akampa dawa, akaandika saa ya kutoka kwenye fomu.

Alikuwa amezunguka Lewisham, kusini mwa London, hivyo kwa miaka sita, nyumba nane kwa siku. Asiye na gari, ofisi yao ya kuhudumia wagonjwa majumbani haimpi kazi.

Alasiri alikwenda kwa Balwinder, fundi Kalasinga mwenye gereji chini ya matao ya reli. Balwinder alizaliwa Nakuru, akaondoka kijana mwaka 1968, lakini Kiswahili alikuja nacho.

"Mama, hii ni tairi ya tatu mwaka huu. Unazipika?"

"Si wewe unanipangia magurudumu, fundi?"

"Napanga. Lakini gari yako inatembea kwa vidole."

Aliliinua na kumwonyesha spesa, vipande vinene vya chuma juu ya springi. Vilikuwa vimeinua bodi sentimita nne. Solomon, mume wa Jedidah, ndiye aliyeviweka, miaka miwili nyuma. Walipanga wastaafu, walisafirishe gari, wakaishi Kitale, Kenya, na Solomon aliijua ile barabara ya mawe ya kwenda shambani. Alisema afadhali gari lifike tayari. Marafiki zake walimuuliza kama Lewisham kuna mto wa kuvuka. Miezi minne baadaye akapatwa na kiharusi.

Mwaka huu gari limepita miaka minane, na Kenya haipokei lililozidi hapo. Jedidah hakuwahi kumwambia Solomon kwamba hawaendi tena. Solomon hukaa dirishani kutwa katika kiti cha magurudumu, na gari huegeshwa mbele ya dirisha hilo.

"Nikiacha hizi spesa," Balwinder akasema, "gurudumu linaegemea nje, na skrubu ya kurekebisha imefika mwisho. Nikizitoa, niweke springi na shokabu mpya, halafu nipange, tairi italika sawasawa. Chagua wewe. Lakini na nyaya nje hivi, hutoki hapa."

"Mzee ataona."

"Mwambie Kalasinga ameharibu."

Jedidah hakucheka. Alitazama saa. Kesho saa moja asubuhi alikuwa na mgonjwa wa kwanza.

"Toa," akasema.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa tatu. Hakumpigia mtu simu. Balwinder alipomaliza alimwonyesha vipimo kwenye kioo cha mashine, magurudumu yote manne, na Jedidah akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani aliegesha palepale, chini ya taa ya barabarani. Solomon alikuwa akitazama. Siku hizi maneno yake hutoka polepole.

"Imeshuka."

"Nimetoa spesa."

Solomon aliyatazama magurudumu.

"Wamepanga magurudumu?"

"Wamepanga."

"Usukani unavuta upande?"

"Hauvuti."

"Basi," akasema, kisha akamwomba amgeuze aelekee televisheni. Jedidah alifungua breki za kiti chake, akakigeuza, akaenda kuvua sare.