Mkaratusi wa Jirani na Gunia la Chini ya Kitanda

Nilimfanya jirani yangu akate mkaratusi wake bure kabisa, nami nina cheti cha kidato cha nne sandukuni.

Ilikuwa Kasulu, miaka ya tisini. Pumu yangu ilifuata majira kuliko wakulima. Kiangazi lilikuwa vumbi la barabara ya Makere. Agosti, moshi wa mapori yanayochomwa. Mahindi yakitoa mbelewele, nilipiga chafya mpaka kuku wakatawanyika. Lakini mwaka ule kifua hakikupumzika hata mwezi mmoja. Kila alfajiri kililia kama mlango usiotiwa mafuta.

Nikatafuta mchawi, nikamwona ng'ambo ya ua: mkaratusi umechanua. Mwenye mti alikuwa mama aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa binti. Ni yeye aliyekuwa akinichumia majani yake nijifukize. Hilo sikulihesabu.

"Mama, maua ya mti wako yataniua."

"Majani yanakuponya, maua yanakuua?"

"Ndiyo sayansi hiyo, mama."

Akaguna. Siku ya tatu mti ulikuwa chini. Alisema hataki kuja msibani kwangu kwa sababu ya kivuli cha mti tu.

Kifua kikaendelea kulia vilevile. Aibu hiyo niliimeza pamoja na vidonge vya zahanati.

Kisha dada yangu wa Kibondo akaozesha binti. Mimi si mtu wa safari, hata sokoni huenda mke wangu, lakini harusi ya mpwa haikwepeki. Nyumba ya dada imezungukwa na mikaratusi, yote ina maua. Nililala wiki mbili kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Niliporudi, alfajiri ya kwanza tu kifua kikaanza wimbo wake. Mke wangu alikuwa akifagia. Akavuta gunia la maharage ya mbegu kutoka chini ya kitanda, wingu la jivu likatujia usoni. Maharage huchanganywa na jivu yasiliwe na wadudu, kila nyumba hufanya hivyo. Ila yao hukaa stoo. Ni mimi niliyeshikilia mwaka ule kwamba mbegu ziwe chini ya mgongo wangu, wezi wasizione.

"Kumbe mchawi tunalala naye!" mke wangu akacheka, huku mimi nikikohoa nje kwenye kigoda.

Gunia likahamia stoo. Vumbi na moshi bado huja kwa zamu, nami Agosti hufunga madirisha nikabaki ndani, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani. Alfajiri napumua.

Ilibaki kumkabili jirani. Nilikwenda na mche wa mkaratusi kwenye kopo la maziwa, nikamweleza habari ya gunia bila kujificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha kisiki: machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni.

"Mche huo kapande kwako," akasema. "Wangu umeshachipua, na safari hii ukohoe usikohoe, siukati."